Amandina Lihamba: Jukwaa Lililofika Usukumani

Amandina Lihamba, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1944, ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomaji wa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ana sababu ya pekee ya kumjua: kazi yake ninayoithamini kuliko zote ilifanyika Usukumani.

Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoijenga juu ya hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal kuhusu maskini anayetumiwa fedha kisha akazungushwa ofisi hadi ofisi. Harakati za Ukombozi (1982) aliiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Shahada ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985.

Kati ya 1982 na 1983, yeye, Penina Muhando (Mlama) na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi hiyo ya Usukumani kijijini Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza kero zao, hasa wanafunzi wa kike kupata mimba na kukatishwa masomo. Vijana wakazitungia maonyesho ya ngoma na maigizo, kisha kijiji kizima kikajadili. Njia hiyo ilifaa mno mahali ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma wa Kisukuma, wameshindana kwa ngoma miaka nenda rudi, na mtazamaji ndiye hakimu: kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Msukuma hakuhitaji kufundishwa kutoa hukumu uwanjani.

Kwenye filamu alionekana katika Arusi ya Mariamu (1985), lakini uwezo wake wote umo ndani ya Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2001. Humo ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi. Kuigiza bila maneno ni mtihani mgumu. Macho na mabega yake yanabeba uchungu wote.

Mwaka 1996 alianzisha Tuseme pamoja na Mlama, mradi uliowafundisha wasichana wa sekondari kuchambua matatizo yao wenyewe na kuyaigiza mbele ya walimu na wazazi. FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, baadaye liliusambaza katika nchi nyingine za Afrika.