Mgeni Asiyemtaka Simba

Katika kila familia ya Ulaya inayokwenda likizo kwenye milima ya theluji, yumo mmoja asiyeteleza. Asubuhi wenzake wanajifunga skii miguuni, wanapandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha wanaporomoka kwenda chini kwa raha zao. Yeye anabaki. Goti linamsumbua, au anaogopa, au mchezo wenyewe haumwingii. Hoteli za huko zimeshamzoea mtu huyu. Zimemwekea bwawa la maji ya moto, farasi wa kuvuta kigari kisicho na magurudumu, meza ya karata, na chungu cha jibini iliyoyeyuka ambacho atachovya mkate humo mpaka wenzake warudi.

Mkoani Mara theluji hatuna, ila mtu huyo tunaye. Mtafute geti la Ndabaka, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kuja Musoma, ambako magari yaliyofunguliwa paa yanakata kuingia Serengeti. Ndani ya gari moja utamkuta mama au baba ambaye simba wa kwanza alimtosha. Siku ya pili anauliza kama anaweza kubaki. Dereva anashangaa: abaki wapi, afanye nini?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko hifadhi yenyewe.

Watu wengi hudhani vijiji vya theluji vya Uswisi viligeuzwa miji na skii. Sivyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: waje wakati wa baridi, na wasipofurahi atawalipia nauli. Walikuja, wakakaa miezi. Hawakuwa na skii hata moja. Walicheza kwenye barafu, wakaota jua barazani, wakapiga soga. Davos nayo ilijaza wagonjwa wa kifua kikuu waliofuata hewa kavu ya mlimani. Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga Sherlock Holmes, alipovuka mlima kwa skii kutoka Davos kwenda Arosa mwaka 1894, watu walimwona kama kituko. Kwa hiyo huko Alps asiyeteleza ndiye aliyetangulia, na mtelezaji akaja baadaye kujitwalia nyumba.

Mara nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Mgeni asiyemtaka simba alifika kwanza, na alikuja kwa maji.

Tumwache mpelelezi Stanley apite haraka. Mwaka 1875 alilizunguka Ziwa Victoria, yaani Nyanza, kwa mashua yake, Lady Alice, akapitia Ghuba ya Speke na pwani ya Majita, lakini hakuwa mtalii, na wenyeji wa visiwani walimkumbuka kwa risasi kuliko kwa salamu. Wageni wa starehe walikuja baada ya reli ya Uganda kugusa ziwa pale Kisumu mwaka 1901. Reli ilishusha vyuma vya meli vilivyotengenezwa Uingereza, mafundi wakaviunga ufukweni, na ziwani zikaelea Winifred, Sybil na baadaye Clement Hill. Mwaka 1907 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri kijana, alivuka na Clement Hill kwenda Entebbe, akarudi kwao kuandika kitabu. Baada ya hapo, kuzunguka Nyanza kwa meli kukawa safari ya watu wenye nafasi.

Upande wetu wa ziwa ulikuwa wa Wajerumani, na vita ilipoanza mwaka 1914, Sybil ilikwama kwenye mawe ya Majita, kusini ya Musoma. Meli ya abiria ikageuka kitu cha kugombewa na wanajeshi mpaka ilipookolewa. Wazee wa Majita wangekuwa na kumbukumbu yao ya kuwaonyesha wageni, kama kuna ambaye angewauliza.

Baada ya vita zikashika zamu Usoga na Rusinga, meli mbili pacha. Moja ililizunguka ziwa kwa kulia, nyingine kwa kushoto, na Musoma ikawa kituo. Fikiria abiria aliyeamka alfajiri sitahani. Mbele yake kuna rasi, kwani jina lenyewe la mji linatokana na neno la Kikwaya lenye maana hiyo, na juu ya rasi kuna mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba mtu aliyapanga akasahau kuyashusha. Gatini kuna ngozi na madebe ya samli, maana samli ya Musoma ilikuwa bidhaa yenye jina. Mitumbwi inarudi na nyavu. Abiria anashuka, ananyoosha miguu, ananunua samaki ambaye hatampika, anarudi melini. Simba hakumwona, wala hakudai kurudishiwa nauli.

Wakati huo Serengeti ilikuwa ya wawindaji, na wao hawakupitia kwetu. Walitokea Nairobi na Arusha, wakaua simba wengi mno hata serikali ya kikoloni ikashtuka: sehemu ya eneo ikawekewa ulinzi mwaka 1921, ulinzi ukapanuliwa mwaka 1929, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya, Ngorongoro ikatengwa. Mwaka huohuo filamu na kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefia humo kwa ajali ya ndege, vikaitangaza Serengeti duniani kote. Nyumba ikawa na sebule upande wa Arusha, na sisi tukabaki uani. Waikoma, Wanata na Waikizu, waliokuwa wakiwinda, kufuga na kutambika ndani ya eneo lile, walijikuta wakihitaji ruhusa kuingia kwa mababu zao.

Na hapa ndipo historia inapokuwa na utani wake. Mtu mashuhuri kuliko wote ambaye hakuona raha ya kutazama wanyama alizaliwa uani hapohapo.

Julius Kambarage Nyerere, yule tuliyemwita Mwalimu, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alikulia Butiama, umbali mfupi kutoka mpaka wa hifadhi. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, alitia jina lake kwenye tamko la Arusha la kuwalinda wanyamapori, ambalo wahifadhi wanalitukuza mpaka leo. Lakini katika zama hizohizo ananukuliwa akisema, kwa uwazi wake wa kawaida, kwamba yeye binafsi wanyama hawamvutii sana, na asingependa kumaliza likizo yake akitazama mamba. Ila waendelee kuwepo, alisema, kwa sababu wako Wazungu na Wamarekani wanaotaka kuwaona, na baada ya almasi na mkonge wangeweza kuiingizia nchi fedha nyingi.

Mamba, kati ya wanyama wote! Miongoni mwa mamba wanaosifika Serengeti ni wale wa Mto Grumeti, unaoshuka kwenye ukanda wa magharibi kuelekea Ghuba ya Speke. Nyumbu wanapofika hapo kati ya Mei na Julai, watu hutoka mabara mengine kuja kuwatazama mamba wakiwasubiri majini. Mwalimu alikuwa nao kama majirani, na hakuwa na hamu nao.

Likizo yake yeye aliijaza vipi? Kwa shamba. Kwa vitabu, maana huyu ndiye aliyetupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa Rais. Na kwa bao. Kwa bao alikuwa hatari. Husimuliwa Butiama na kwingineko kwamba bao ndilo lililompeleka shule: chifu mmoja jirani, baada ya kushindwa na kijana yule, alimwambia Burito kwamba mtoto mwenye akili kama hii asiachwe kuchunga mbuzi. Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na miaka kumi na miwili, alikwenda Mwisenge, Musoma mjini, safari ya kama kilomita 40 ambayo ilikuwa ya miguu. Shule ipo mpaka leo.

Nimeona magazeti ya kitalii yakieleza bao kama mchezo wa kupoteza muda wazee wanaposubiri mvua. Aliyeandika hivyo hajawahi kuketi mbele ya mzee wa Kizanaki anayehesabu kete mizunguko minne mbele huku akikuuliza habari za shangazi yako. Ukijibu, umeliwa.

Turudi ziwani, kwa sababu huko ndiko mgeni wetu alikopotelea. Mwaka 1961 iliingia meli mpya, Victoria, kubwa na ya kifahari kuliko zilizotangulia. Iliudumisha ule mzunguko wa nchi tatu kwa miaka kumi na kitu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, meli zikagawanywa kama vyombo vya wanandoa waliotalikiana, na Victoria ikaja Tanzania. Mpaka na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mtu aliyezoea kupanda meli Kisumu, akashuka Musoma, akaendelea Mwanza, hakuwa na njia tena. Mji uliojengwa ukitazama maji ukageuza uso kutazama barabara.

Hata leo Victoria, iliyofufuliwa mwaka 2020 na kuongezewa jina refu la Hapa Kazi Tu, safari zake ni za Mwanza na Bukoba. Mwenzake, Butiama, anahudumia Ukerewe. Jambo hili hunichekesha kila nikilikumbuka: kijiji cha Butiama kiko bara, kimepewa meli, Musoma yenye bandari imebaki na mabasi.

Mgeni asiyemtaka simba alirudi mwaka 1999, na hakurudi kwa furaha. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba, akazikwa Butiama tarehe 23, karibu na makaburi ya wazazi wake, pale Mwitongo. Makumbusho yenye jina lake yalikuwa yamefunguliwa mwaka huohuo. Tangu hapo, ukifika Makutano ukitokea Bunda, unaona magari yakikata kulia bila darubini wala kofia za porini. Ni mabasi ya wanafunzi, ni viongozi, ni wazee waliovaa mashati ya kijani, ni watu wa nje waliosoma Ujamaa chuoni na wanataka kuona nyumba aliyoishi aliyeuandika. Jimbo Katoliki la Musoma lilipoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, wakaongezeka na mahujaji. Kiabakari, kilomita chache kutoka hapo, palipokuwa na mgodi wa dhahabu enzi za mkoloni, leo watu wanakwenda kusali kwenye kituo cha hija cha Huruma ya Mungu.

Kwa hesabu yangu ya kienyeji hawa ndio watalii halisi wa Mara, na hatuwaiti watalii. Tukisema mtalii tunamaanisha mtu wa gari la kijani. Mwanafunzi wa Tarime aliyekula chapati kwenye basi ili aone fimbo ya Mwalimu, huyo tunamwita ziara ya shule.

Uani kwetu vitu ni vingi, tatizo ni kwamba hakuna anayeviita vitu. Bunda ina Mlima Balili, ambako ukipanda jioni unaiona ghuba upande mmoja na mbuga upande mwingine. Ina Mlima Chamuriho wa Waikizu, wanakosimulia habari za mwindaji Isamongo na mwanamke mleta mvua, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi, Usukumani, akawa mtemi wa kwanza wa ukoo wao. Ina kivuko cha Kisorya cha kwenda Ukerewe, alikoandikia Aniceti Kitereza habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Musoma ina mialo ambako sato, sangara na dagaa wanashushwa kabla jua halijakomaa, wanawake wakibishana bei kwa lugha nne. Tarime kuna iritungu la Wakurya, zeze la nyuzi nane ambalo sauti yake nzito unaisikia tumboni kabla ya masikioni.

Lakini mgeni anayelala karibu na ziwa hili huletewa mezani nyama ya ng'ombe na viazi vya kukaanga, akidhaniwa kwamba hicho ndicho chakula chake. Ugali wa udaga na sato wa kuchemsha vinaliwa jikoni na waliompikia.

Huko Nyatwali, ufukweni mwa ghuba, watu wamehamishwa ili hifadhi ifike ziwani na wanyama wapate maji. Mjadala wa fidia nauachia makala nyingine. Nasema tu kwamba siku moja simba naye atakuwa na ufukwe, na mvuvi ndiye atakayesimama nje ya geti.

Mwenye kumrudisha mgeni uani kila mwaka ni masika. Udongo wa ukanda wa magharibi ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi ukilowa. Aprili ikimwaga kisawasawa, gari linazama mpaka ekseli, na dereva aliyekuwa anashangaa swali la mama yule sasa analiuliza mwenyewe. Anapiga simu mbili tatu, anageuza gari, anashika lami mpaka Makutano, na mchana wake wanakuwa Butiama, viatu vimejaa tope, wakisikiliza habari za mtoto aliyezaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922. Wazazi walimwita kwanza Mugendi, maana yake mtembezi. Baadaye mganga akashauri abadilishwe jina, akaitwa Kambarage, ambaye kwa Wazanaki ni pepo wa kike wa mvua.