Haijaziki

Masika yakikolea, dereva wa daladala hugeuza gari akawaambia abiria, "Barabara haipitiki." Hakuna anayemjibu kwamba hajui kuendesha. Kiambishi kidogo, -ik-, kimeshatoa hukumu: kosa ni la barabara.

Umbo hili wanaisimu huliita kauli ya kutendeka. Hubeba maana mbili: jambo limetokea, kama kikombe kilichovunjika, au jambo lawezekana, kama maji yanayonyweka na mwandiko unaosomeka. Katika maana hii ya pili ndimo ninamoiona sifa ambayo watengenezaji wa tovuti wanaitafutia istilahi ya Kiswahili, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "usability". Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, toleo la 1998, kiliipima kwa mambo matatu: mtumiaji afikie lengo lake, asihangaike bure, na aridhike. Wapo wanaoiita "urahisi wa matumizi", wengine "utumikaji". La kwanza ni maelezo kuliko jina. La pili lina mtego: tovuti hutumika hata pale ambapo watu hawana pengine pa kwenda. Ndoo iliyotoboka nayo hutumika, ikiwa ndiyo pekee nyumbani.

Siku moja nilimsaidia mama mmoja wa mtaani kwetu kujaza ombi kwenye tovuti ya ofisi fulani. Ukurasa wa kwanza ulimtaka atunge "nywila". Wa pili ukamdai "nenosiri". Akadhani ni vitu viwili, akaandika neno jingine, akakataliwa. "Mwanangu, mambo haya mimi siyajui," akasema huku akivua miwani. Mtu ambaye asingejilaumu kwa matope ya barabarani alijilaumu kwa fomu.

Nilitamani aseme tu: haijaziki.

Ukishalitamka tatizo hivyo, kila kasoro hupata jina, na jina likaelekeza tiba. Ukurasa haufunguki: picha ni nzito kuliko bando la mgeni, zipunguzwe. Maandishi hayasomeki: ni kijivu juu ya kijivu, ilhali WCAG, miongozo ya kufanya tovuti zifikike na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kitufe hakibonyezeki: ni chembamba, na kimebanana na mwenzake hata kidole gumba kinagusa vyote viwili. Agizo halieleweki: umeandika "Wasilisha" kwa mtu ambaye siku zote hutuma, basi andika "Tuma". Na kati ya nywila na nenosiri, chagua moja, ushikamane nalo hadi ukurasa wa mwisho.

Sipingi "utumikaji" kuingia kamusini. Ila kikao cha watengenezaji ningekifungua kwa vitenzi hivi vya kukanusha, maana hakuna hata kimoja kinachomnyooshea mgeni kidole.

Fomu ya yule mama tuliimaliza jioni. Akinishukuru, alisema nimemfundisha kompyuta. Sikumfundisha kitu, nilimvusha matope tu.