Asiltransferasi ya diasiligliseroli: kimeng'enya kisichomeng'enya

Asiltransferasi ya diasiligliseroli ni kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa mafuta ndani ya seli za mimea na wanyama. Gliseroli ina nafasi tatu za kushika asidi za mafuta. Katika diasiligliseroli mbili zimekwisha kujazwa. Kimeng'enya hiki huipokea asidi ya tatu kutoka kwa koenzaimu A iliyoibeba, kikaipachika kwenye nafasi iliyobaki. Zao lake ni trigliseridi, yaani mafuta yenyewe: ya alizeti, ya karanga, ya maziwa, hata yale ya kiunoni.

Wanaokula parachichi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro, huonja kazi yake bila kujua. Parachichi huongeza mafuta likiwa bado mtini. Likichumwa changa, hata likivundikwa likalainika, hubaki la majimaji.

Jeni ya umbo la kwanza la kimeng'enya hiki ilitambuliwa mwaka 1998. Ile ya umbo la pili ilifuata mwaka 2001. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kuwa, kwa ng'ombe, asidi amino ya 232 katika umbo la kwanza ikiwa lisini, maziwa huwa na mafuta mengi zaidi kuliko ikiwa alanini.

Kulitafsiri jina ni kazi nyingine. Transferasi ni kihamishi, hilo halina ubishi. Taabu iko kwenye “asil”, kipande cha asidi ya mafuta kinachohamishwa. Likiandikwa “kihamishi asili”, msomaji ataelewa kihamishi cha kienyeji, au kisichotengenezwa kiwandani. Neno “kimeng'enya” nalo limetokana na kumeng'enya, yaani kukivunjavunja chakula tumboni. Linaifaa amilasi ya mate, inayovunja wanga. Hiki hakivunji chochote kwenye mafuta, kinaunga. Hata hivyo neno limekwisha kuota mizizi madarasani, na kulibadili sasa kungeleta mkanganyiko zaidi kuliko faida.

Kwa kitabu cha shule, “kihamishi cha asidi ya mafuta” kinatosha, ingawa jina hilo linavifaa pia vihamishi vingine vya jamii hiyo. Kwa maabara, jina refu liandikwe pamoja na namba yake ya kimataifa, 2.3.1.20.