Bonasi bila amana katika kasino za mtandaoni: maana yake na masharti yake

Bonasi bila amana ni pesa za kuchezea, au mizunguko ya bure ya mashine, ambazo kasino ya mtandaoni humpa mtu anayejiandikisha kabla hajaweka hata faranga moja. Pesa hizo huonekana kwenye akaunti ya mchezaji, lakini bado si mali yake. Hawezi kuzitoa mpaka atimize masharti ya kampuni, na masharti hayo ndiyo yanayoamua iwapo zawadi hiyo ina thamani yoyote.

Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee wasemaji wa Kiswahili wa Gitega na wa Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Kobero. Matangazo yanayoandikwa kwa ajili ya Watanzania na Wakenya husomeka kwao bila mkalimani, nayo mitandao ya kijamii haina mpaka.

Hesabu ya masharti

Sharti kuu ni idadi ya mara ambazo bonasi lazima ichezwe. Tuchukue mfano wa mkazi wa Gitega aliyepewa bonasi ya faranga 5,000 yenye sharti la mara 40. Kabla ya kutoa chochote, lazima aweke dau zenye jumla ya faranga 200,000. Ikiwa mashine anayoichezea hurudisha kwa wastani asilimia 96 ya kila dau, basi dau hizo zote zitamgharimu wastani wa faranga 8,000, kiasi kinachozidi bonasi yenyewe. Kwa hesabu hiyo, anayetazamiwa kufika mwisho akiwa na salio ni mwenye bahati tu.

Hata huyo mwenye bahati hukutana na masharti mengine. Kampuni nyingi huweka kikomo cha ushindi unaoweza kutolewa, muda mfupi wa kutumia bonasi, na orodha ya michezo isiyohesabiwa. Nyingine humtaka mchezaji aweke pesa zake mwenyewe kwanza, au atume picha ya kitambulisho chake. Hapo ndipo lengo la bonasi linapodhihirika: kumzoesha mtu kucheza mpaka aanze kulipa.

Nchini Uingereza, Tume ya Kamari ilitangaza mwaka 2025 kwamba sharti la kucheza bonasi lisizidi mara 10. Nchini Kenya, mwezi Aprili mwaka huohuo, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Leseni ya nani?

Nchini Tanzania, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha husimamia sekta hiyo chini ya sheria ya mwaka 2003. Hata hivyo, leseni ya Tanzania haiigeuzi kampuni kuwa na kibali cha Burundi. Kasino nyingi nyingine za mtandaoni zimesajiliwa mbali zaidi, kwa mfano katika kisiwa cha Curaçao. Mkazi wa Muyinga anayenyimwa ushindi wake atapata taabu kubwa kumfikisha mhusika mbele ya chombo chochote.

Mambo ya kuchunguza

Kabla ya kujiandikisha, ni vyema kujiuliza: bonasi lazima ichezwe mara ngapi? Kikomo cha kutoa ni kiasi gani? Je, lazima kuweka pesa kwanza? Leseni imetolewa na nchi gani? Tangazo lisilojibu maswali haya halistahili kupewa namba ya simu wala picha ya kitambulisho. Namba ya siri ya akaunti ya pesa kwenye simu haihitajiki kupokea zawadi yoyote. Anayeiomba ni mwizi.

Kwa wasomaji Waislamu, Kurani inakataza kamari katika sura ya Al-Maida, aya ya 90. Kwa wasomaji wote, hesabu ya faranga 5,000 inabaki ileile: kilichotolewa bure ni nafasi ya kuanza kucheza, si pesa.