Minji 565

Shuleni tulipewa miraba minne, herufi kubwa na herufi ndogo, tukaambiwa tujaze. Jibu: tatu kwa moja. Lakini herufi zilitoka wapi? Minji haijaandikwa kitu.

Gregor Mendel, mtawa wa Brno, katika nchi ambayo leo ni Czech, alikuwa ashafeli mtihani wa ualimu mwaka 1850. Kuanzia 1856 akawa anavusha minji kwenye bustani ya monasteri. Alichagua mbegu za mviringo na zenye mikunjo, ambazo alikuwa amehakikisha kwa miaka miwili kwamba zinazaa za aina yake tu. Alifungua maua machanga, akang'oa stameni kabla chavua haijaiva, kisha akapaka chavua ya mmea wa aina ile nyingine. Mbegu zilizopatikana zote zilikuwa mviringo. Hivyo akajua mviringo ndiyo sifa inayotawala.

Akazipanda, akaiacha mimea ijichavushe yenyewe. Mimea 253 ikampa mbegu 7,324, na hizo alizihesabu moja moja: 5,474 mviringo, 1,850 zenye mikunjo. Kumbe mikunjo ilikuwa imejificha tu.

Wengi huachia stori hapo, na ndipo inaponoga. Zenye mikunjo hazina siri, ukizipanda utavuna mikunjo mitupu. Shida ni zile za mviringo. Kwa macho zinafanana kabisa, ilhali nyingine zimebeba mikunjo ndani na nyingine hazina hata chembe. Huwezi kupasua mbegu uone. Mendel akaamua kuwauliza watoto wake. Alikuza mimea 565 kutoka mbegu za mviringo, ikajichavusha, akafungua maganda. Mimea 193 ilikuwa na mviringo pekee. Mingine 372 ilikuwa na mchanganyiko, na mbegu moja tu yenye mikunjo ilitosha kumuumbua mzazi. Hiyo ni karibu moja kwa mbili. Yaani ile tatu kwa moja ya shuleni, kwa ndani, ilikuwa moja, mbili, moja. Herufi zetu zilitoka hapo.

Alisoma matokeo mbele ya wanasayansi wa mji wake Februari na Machi 1865, yakachapishwa 1866. Wachache sana walijali. Mtihani wa ualimu aliurudia, hakuupita kamwe. Alifariki 1884, na dunia ikamkumbuka 1900.

Mwaka 1936 Ronald Fisher, bingwa wa takwimu, alilalamika kwamba hesabu za Mendel ni safi kupita kiasi. Mjadala huo bado una moto. Ila minji iko sokoni, na mwenye kipande cha shamba na subira ya misimu mitatu anaweza kuhesabu zake.