Kilo Mbili za Farasi

Vudee hakuna farasi. Nilikulia huko, kwenye miteremko ya Upare wa kusini, na kila kitu kilichopanda mlima, kuanzia saruji mpaka debe la mafuta ya taa, kilipanda kichwani au mgongoni mwa mtu. Mara ya kwanza kumwona farasi akishindana nilikuwa mtu mzima, Jumapili moja kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, nilikopelekwa na shemeji yangu anayeishi mjini humo.

Wazee wa kwetu waliwahi kuwaona farasi wengi, tena kwa muda mfupi. Mei 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts lilishuka kutoka upande wa Kilimanjaro likifuata mto Pangani na reli ya Tanga, chini ya milima yetu. Mbung'o na maradhi mengine yaliua farasi na nyumbu kwa maelfu katika vita ile, na mizigo ikahamia kwa wapagazi. Hao ndio walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Upande huohuo wa Kariokor ndiko mbio za Nairobi zilikofanyika zamani, na jina la barabara ya Racecourse limebaki mpaka leo. Mwaka 1954 mbio zilihamia Ngong Road.

Shemeji alinipa karatasi ya mashindano. Mbele ya kila jina la farasi palikuwa na kilo. Nilidhani ni uzito wa mpandaji. "Hapana, shemeji," akasema. "Hizo ni kilo anazotakiwa kubeba farasi. Aliye hodari anaongezewa mzigo."

Utaratibu huo unaitwa hendikapu. Mtu aliyeteuliwa hutazama rekodi ya kila farasi, kisha humpangia mzigo kwa nia kwamba wote wafike mwisho bega kwa bega. Mpandaji akiwa mwepesi kuliko kilo zilizopangwa, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye mifuko ya tandiko kufidia. Wajuzi wa mbio huchukulia kwamba katika mita 1,600 kilo moja hupunguza takriban urefu wa farasi mmoja. Kwa hiyo aliyemshinda mwenzake kwa urefu mara mbili, wote wakiwa na mzigo sawa, safari ijayo ataongezewa kama kilo mbili. Aliyeipa kazi hiyo heshima ni Admirali Henry John Rous wa Uingereza, aliyekabidhiwa upangaji wa mizigo mwaka 1855, na ndiye aliyetengeneza jedwali la uzito kwa kufuata umri wa farasi.

Mbio kubwa kuliko zote, Dabi ya Kenya, haina hendikapu. Ni ya farasi wa miaka mitatu, mita 2,400. Madume hubeba uzito mmoja, majike hupunguziwa kidogo. Hapo hesabu anabaki kuifanya mtazamaji mwenyewe. Shemeji alinionyesha namna ya kujiandaa kwa siku hiyo: usitazame nani alishinda mbio zilizopita, tazama alishinda akiwa amebeba nini. Wa pili mwenye kilo 60 huenda ni bora kuliko wa kwanza mwenye 53. Na aliyemaliza vizuri mita 1,600 bado hajathibitisha kwamba pumzi yake itamfikisha 2,400, tena kwenye mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari.

Nilipokuwa nikisoma zile kilo nilimkumbuka babu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watawala wa jadi wa Upare, kwa baraka za serikali ya kikoloni, waliongeza kodi mpya juu ya ile ya kichwa. Kila mtu angelipa kulingana na mali yake, kama ilivyokadiriwa. Watu waliiita mbiru. Januari 1945 walishuka Same kwa maelfu kuipinga, wakaweka kambi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, aliandika kijitabu kuhusu kisa hicho mwaka 1971.

Babu alikuwa mmoja wa walioshuka. Alikuwa akitusimulia kwamba alihesabiwa ng'ombe watatu, ilhali wawili walikuwa wa watu, amepewa awatunze tu. Alipouliza hesabu ile imetoka wapi, hakupata wa kumjibu. "Mimi kodi nalipa," alikuwa akisema. "Nilichotaka ni kuona nimepimwaje."

Kwa miaka mingi niliona wazo la mbiru, kwamba mwenye zaidi alipe zaidi, ni zuri, na sikuelewa kwa nini wazee waliling'ang'ania. Ngong ndiyo iliyonielewesha. Pale pia mwenye nguvu hubebeshwa zaidi, na wenye farasi hulalamika kila wiki. Lakini kilo huchapishwa kabla ya mbio. Rekodi zilizozaa kilo hizo zinajulikana na kila mtu. Mpandaji hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya kukimbia, na wanaomaliza mbele hupimwa tena wakirudi. Ikipungua, ushindi hufutwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na dawa yake pale ni mizani. Farasi anapimiwa kwa uangalifu ambao babu yangu hakuupata.

Nikaweka dau dogo kwa jike mmoja aliyekuwa na kilo chache. Alimaliza wa nne. Baada ya mbio nilisimama karibu na mizani nikiwatazama wapandaji wakirudi na matope usoni, tandiko mkononi, mmoja mmoja wakikanyaga pale juu, na karani akisoma namba na kuiandika. Shemeji alikuwa akiniita, gari linaondoka. Nilimwomba dakika moja, nikangoja mpaka wa mwisho apimwe.