Nani Alimlipia Mazrui?

Kazi yangu siku hizi ni kuwaandikia watu barua. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika, na hadi leo sijarudi. Basi nakaa na laptopu yangu hapa Likoni, mtu ananiletea wasifu wake, ananitumia kitu kidogo kwa Mpesa, nami namtengenezea barua ya kuombea kazi, tenda au skolashipu. Nimeshawaandikia watu barua za kwenda vyuo ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuviona ila kwenye picha.

Mwaka jana alikuja dada mmoja wa mtaani kwetu. Ana digrii ya sayansi ya siasa, anafundisha shule ya kibinafsi upande wa Mtongwe, na mshahara wake ni ule wa kumaliza wiki mbili halafu uanze kukopa. Alitaka kusoma uzamili. Mada yake alikuwa nayo tayari: ardhi ya Likoni. Alitaka kuuliza kwa nini watu walioishi shamba la Waitiki tangu vurugu za 1997, wakapewa hati na serikali mwaka 2016, bado wanazungumza kama watu ambao hawajapewa kitu. Kwao ni humo humo.

Nikamwambia ukweli wa soko. "Dadangu, ardhi haiuzi. Andika itikadi kali. Weka Pwani, weka vijana, weka ugaidi. Matangazo ya ufadhili ninayoyaona kila siku yanataka hivyo." Akanitazama. Nikaongeza, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuinama sawa," akasema. "Lakini si kutambaa." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na Mazrui je? Yeye alilipiwa na nani, na alimwandikia nini?"

Sisi sote tumelelewa na jina la Profesa Ali Mazrui. Mtoto wa Mombasa akifanya vizuri darasani anaambiwa atakuwa Mazrui. Tunachosimuliwa ni kwamba alikuwa na akili na akasoma kwa bidii, basi. Hakuna anayetaja pesa. Kwa hivyo nikaanza kuitafuta ile pesa.

Ali Al'amin Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mwanazuoni na mwandishi. Alifariki 1947, kijana akiwa na miaka 14. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, makuli wa bandarini na wafanyakazi wa reli waligoma na mji mzima ukasimama. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu. Mtoto wa kuli wa Changamwe na mtoto wa kadhi wote walikuwa chini ya mkoloni, lakini hawakuwa wamesimama mahali pamoja. Jina la ukoo lilikuwa mtaji, hata kama mfukoni hakuna kitu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hatusimuliwi sana. Kijana huyu alifanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari mwaka 1949 akapata daraja la tatu. Makerere, ambayo ndiyo ilikuwa chuo cha juu cha pekee Afrika Mashariki yote, ikamkataa. Profesa Mazrui, alikataliwa na Makerere! Akaenda kufanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, pale Tudor, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Taasisi yenyewe ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, na pesa zake zilitoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutaka vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Hata kiti alichokalia yule karani kilikuwa kimenunuliwa na siasa.

Halafu ikaja Maulidi. Mazrui mwenyewe alisimulia kwamba alitoa hotuba kuhusu Mtume mbele ya gavana wa Kenya aliyekuwa amealikwa. Gavana akavutiwa na karani huyu mwenye Kiingereza kizuri, na kutoka hapo njia ya skolashipu ya serikali ikafunguka. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa yuko Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, akikamilisha masomo ya sekondari. Mwaka 1960 alipata digrii Manchester. Mwaka 1961 alipata uzamili Columbia, New York. Uzamifu alipata Oxford mwaka 1966. Tangu daraja la tatu mpaka udaktari wa Oxford ni miaka 17.

Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Hotuba moja! Kama gavana angekuwa na homa siku ile, je? Kama hafla ingesomwa na sheikh mwingine? Bidii ilikuwepo, siikatai, maana hotuba haijitungi. Lakini bidii ilihitaji sikio la mtu mwenye uwezo, na sikio lile lilikuwa la dola iliyokuwa inatafuta vijana wa kuwalea kabla bendera hazijashushwa.

Maana hakuna wakati ambapo pesa za kusomea siasa zilitoka bure. Skolashipu za Fulbright zilianzishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1946, na mwanzoni ziligharamiwa kwa kuuza mabaki ya vifaa vya Vita vya Pili vya Dunia vilivyoachwa nchi za nje. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ikapitisha sheria ya 1958 iliyotoa pesa za vyuo kufundisha lugha na maeneo ya dunia, Afrika ikiwemo, na jina la sheria yenyewe lilikuwa na neno ulinzi ndani yake. Mwaka 1959 nchi za Jumuiya ya Madola zikaanzisha skolashipu zao. Septemba mwaka huohuo, Tom Mboya akapeleka Marekani ndege ya kwanza yenye wanafunzi 81, pesa za nauli zikichangwa na Wamarekani, Waingereza wakinung'unika. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na jambo hilo likageuka kuwa ugomvi wa kampeni ya urais kule kwao. Naye Oginga Odinga akawapeleka vijana wengine Moscow na nchi za Ulaya Mashariki. Kijana wa Kenya wa miaka ile alikuwa kama bibi harusi mwenye posa mbili.

Kwa hivyo jibu la nani alimlipia Mazrui ni fupi: kwanza kabisa, mkoloni. Lakini swali la dada yule lilikuwa na kipande cha pili. Je, alimwandikia nini?

Mwaka 1963 Mazrui alirudi Makerere, ile ile iliyomkataa, safari hii akiwa mwalimu. Akapanda hadi uprofesa, akaongoza idara ya sayansi ya siasa, kisha akawa mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii. Alibishana na wakubwa mpaka Uganda ya Idi Amin ikawa haikaliki, akaondoka 1973 na kuhamia Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1979 BBC ikampa mihadhara yake ya Reith, naye akatumia redio ya Waingereza kuzungumzia hali ya Afrika na waliyoyafanya Wazungu humo.

Na kubwa zaidi ni la 1986. Alitengeneza kipindi cha televisheni cha sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, kwa ushirikiano wa BBC na televisheni ya umma ya Marekani. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili taaluma za utu. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipokitazama akaona kinaushambulia ulimwengu wa Magharibi, akataka jina la taasisi yake liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Likaondolewa. Kipindi kikaonyeshwa vilevile.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea. Mazrui alichukua pesa za watu wenye haja zao, tena nyingi, maisha yake yote. Hakujifanya kuwa ni pesa safi. Ila alipopewa kipaza sauti, alisema aliyotaka kusema yeye, na wengine wakajuta kumpa. Kuomba pesa hakukuwa aibu kwake. Tena yalikuwepo waliyomkosoa hata Waafrika wenzake, Wole Soyinka akiwa mmoja wao, kwa hiyo simfanyi walii. Nasema tu kwamba mada hakuikodisha.

Tukakaa chini mimi na yule dada, tukapanga upya. Mikopo ya HELB ipo hata kwa uzamili, lakini ni deni, na bado anadaiwa la digrii ya kwanza. Chevening ya Uingereza inalipa mwaka mmoja wa uzamili, inataka uwe umefanya kazi miaka miwili na urudi nyumbani ukimaliza. Ualimu wa Mtongwe unahesabika. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusoma hapahapa Afrika. Kila mlango una haja ya mwenye nyumba, na ni vizuri uijue kabla ya kubisha.

Barua niliiandika upya, lakini safari hii maneno yalikuwa yake. Tulianza na nyanya yake na hati iliyofungwa kwenye nailoni, chini ya godoro, kwa sababu ameambiwa bado kuna deni la kulipia. Neno ugaidi halimo hata mara moja. Tulieleza kwa nini mtu wa Berlin au London apaswe kujali: kwa sababu watu wanaoona serikali imewauzia kilicho chao ndio watakaoamua siasa za pwani hii miaka ishirini ijayo.

Ombi la kwanza limekataliwa. La pili halijajibiwa. Ametuma la tatu wiki iliyopita, na hakubadilisha mada.

Juzi nilivuka feri kwenda mjini. Wa miguu hatulipi, unapanda tu na watu na mizigo yao. Nikatembea hadi Fort Jesus. Mazrui alifariki Vestal, Marekani, tarehe 12 Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa hapo karibu, kwenye makaburi ya ukoo wake. Nikasoma Fatiha nikasimama kidogo. Nilikuwa nikifikiria ile daraja la tatu.

Niliporudi ng'ambo nilifungua laptopu, nikaandika barua ambayo sijaagizwa na mtu. Inaenda kwa msajili wa chuo nilichoacha. Nauliza nimebakisha masomo mangapi, na nadaiwa ngapi.